Insha Iliyomzika Mama

Karakana ya Fundi Makochi iko nyuma ya duka la mbao, na ukifika mchana utamkuta mwenyewe amepiga goti mbele ya kochi lililovuliwa kitambaa, mdomo umejaa misumari midogo. Anautoa mmoja kwa ncha ya ulimi, anaupigilia, anautoa mwingine. Kwa hiyo ukimsalimia atakujibu kwa nyusi. Mkewe anakaa pembeni kwenye cherehani, anashona foronya za mito na vitambaa vya viti, na maneno yote ya karakana yanatoka kwake: bei, salamu, utani, na ugomvi na wateja wanaoleta makochi yenye kunguni huku wakiapa kwamba ni vumbi tu.

Watu hawa wana binti aliyefika chuo kikuu, na tangu siku hiyo jina lake la nyumbani likasahaulika. Akawa Mwanachuo. Mpisheni Mwanachuo kiti. Muulizeni Mwanachuo dawa hii inamezwa kabla ya chakula au baada. Alikuwa anasomea historia, si udaktari, lakini nani alijali? Yeye mwenyewe alijifanya kulichukia jina hilo, na moyoni alikuwa analipenda kweli.

Mhadhiri wao wa historia alikuwa mama mwembamba ambaye wanafunzi walimbatiza Bi Ushahidi, kwa kuwa hakuna sentensi iliyopita mbele yake bila kuulizwa ushahidi wake uko wapi. Muhula ule akawapa kazi: kila mmoja amhoji mtu wa familia yake, mtu wa kawaida, kisha aandike maisha yake. Juu ya insha iwekwe namba ya simu ya aliyehojiwa.

"Sitaki wafalme," alisema. "Wafalme wameshaandikwa vya kutosha. Nataka watu wenu. Na atakayeiachia kompyuta imwandikie, somo atalirudia na kamati ya nidhamu itamwita."

Darasa zima likaitikia, "Ndiyo, Mwalimu," likatoka nje kwenda kumtafuta Mjomba. Hilo ndilo jina walilolipa lile jambo la akili bandia kwenye simu zao. Mjomba anajua kila kitu, hachoki, na hakuulizi kwa nini unauliza. Wengine walimtumia kusahihisha sentensi tu. Wengine walimpa kazi nzima wakalala zao.

Mwanachuo, tumpe haki yake, alianza vizuri. Alikwenda karakana, akakaa juu ya gunia la sponji, akawasha kinasa sauti.

"Baba, nieleze maisha yako."

Fundi akatema misumari kiganjani. "Maisha gani?"

"Tangu utotoni. Shida ulizopitia."

Mzee akakuna kidevu. Ilionekana anajitahidi. "Nilizaliwa. Babu yako alikuwa karani, akanitafutia kazi kiwanda cha fanicha, nikajifunza. Nikamwoa huyu. Natengeneza makochi." Akafikiri tena, akaona amemaliza. "Nipe huo mkasi."

"Ndiyo basi?"

"Ulitaka awe nani, rais?" mama akadakia kutoka kwenye cherehani. "Muulize alivyonipata. Aliletwa nyumbani kwetu kutengeneza kochi la baba yangu, akaacha springi moja imelegea makusudi ili arudi. Akarudi. Akalegeza nyingine. Mpaka baba akasema huyu fundi ama hajui kazi, ama ana lake jambo!"

Alicheka mpaka akaacha kushona. Fundi alirudisha misumari mdomoni haraka, lakini masikio yalikuwa yamemwiva. Mwanachuo yeye alizima kinasa sauti. Aliona upuuzi mtupu. Wenzake darasani walikuwa na babu waliopigana vita, walikuwa na shangazi waliovuka mipaka kwa miguu na mtoto mgongoni, na yeye ana springi zilizolegea. Aliwaonea aibu wazazi wake kwa sababu hawakuteseka vya kutosha, na hilo ndilo kosa lake la kwanza, kubwa kuliko yote yaliyofuata, ingawa hakuna kamati inayoita mtu kwa kosa hilo.

Jioni akamwendea Mjomba. Andika maisha ya fundi wa makochi, binti yake anasimulia. Zikaja kurasa kadhaa, safi, hazina mbele wala nyuma. Mwanachuo akauma kucha, kisha akaandika: ongeza uchungu, msomaji alie.

Mjomba hakusita. Mara fundi akawa yatima, anauza karanga barabarani bila viatu, analala juu ya mabaki ya sponji. Na katikati ya yote mke wake akafariki, akamwachia mtoto mchanga, mzee akabaki akishona foronya peke yake huku machozi yanalowesha kitambaa.

Binti akafika hapo akasimama. Sasa hapo ndipo mtu mwenye akili timamu angefuta. Na kidole kilikwenda kweli mpaka kwenye mstari ule. Lakini mstari ulikuwa mtamu, bwana. Ulimtoa machozi yeye mwenyewe, yeye mwenye mama mzima wa afya, ambaye wakati ule ule alikuwa jikoni anamwita aje kula kabla chakula hakijapoa. Akajiambia ni insha tu, atakayeisoma ni mtu mmoja, nani atajua? Akaweka namba ya simu ya baba juu ya ukurasa wa kwanza, akatuma, akaenda kula.

Alichosahau ni desturi ya idara yao. Kila mwisho wa muhula insha moja ilichaguliwa ikasomwa mbele ya wote, na mtu aliyeandikwa alialikwa akae mbele asikilize maisha yake. Namba za simu zilikuwa kwa ajili hiyo pia.

Aliporudi nyumbani siku moja akamkuta baba yake amesimama mlangoni anapiga koti lake brashi, koti lile la harusi za watu.

"Mwalimu wako amenipigia mwenyewe!" Fundi alisema, na kwa mara ya kwanza mdomo wake ulikuwa mtupu na umejaa maneno. "Ameniambia mzee, maisha yako yametutoa machozi. Nikamwambia mimi? Akasema wewe. Kumbe ulikuwa unanisikiliza siku ile! Mimi nikadhani nimekuangusha."

Mwanachuo akaushika mkono wenye brashi. "Baba, usijisumbue. Ni kitu kidogo tu."

"Kidogo? Ameniita mheshimiwa."

"Na mimi nakwenda," mama akasema.

"Mama, wamealika mtu mmoja."

"Watanifukuza? Nitasimama. Mtu asifiwe katika nyumba hii, mimi nisisikie?"

Alikuwa na nafasi ya kusema hapo. Alikuwa nayo kesho yake pia, na keshokutwa yake, mama alipokuwa anapiga pasi gauni lake la kijani na kumuuliza kama linafaa. "Linafaa, Mama," alijibu. Alichofanya ni kuomba mvua kubwa, au umeme ukatike chuo kizima, au yeye mwenyewe augue. Hakuugua. Watu wanaoomba kuugua huwa hawaugui.

Siku ikafika. Ukumbi ulijaa, viti vya mbele vimevishwa vitambaa. Bi Ushahidi alikuwa jukwaani anahangaika na waya za projekta, kwa hiyo mwanafunzi mmoja ndiye aliyewapokea wazazi akawakalisha mbele kabisa. Mama alikitazama kiti alichokalia, akakibonyeza kwa kidole, akamnong'oneza mumewe jambo kuhusu sponji yake, wote wawili wakacheka chini chini. Kisha Mwanachuo akaitwa asome.

Alikuwa amepanga kuuruka ule mstari. Usiku kucha alikuwa akipima jinsi ya kuuruka. Lakini taa zilipozimwa, insha nzima ikajitokeza ukutani kwa herufi kubwa, kila neno, ili watu wafuatilie.

Akasoma. Karanga. Miguu bila viatu. Akamwona baba yake anainamisha kichwa upande mmoja, kama mtu aliyepewa chenji isiyo yake na hajui airudishe kwa nani. Mama alitabasamu kwa heshima, akimtazama mumewe kwa mshangao, labda anajiuliza mbona hakuwahi kumwambia habari za karanga. Binti akaendelea. Mdomo ulikuwa umemkauka, na wasikilizaji wakadhani ni majonzi. Akaufikia mstari, akausoma, kwa sababu ulikuwa ukutani. Mke wake akafariki.

Hakuthubutu kuinua macho. Alisikia mtu nyuma anavuta kamasi. Alisikia kiti cha mbele kinalia mara moja. Alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini ardhi ina kazi zake, akabaki amesimama hapo mpaka neno la mwisho.

Makofi yalipigwa kwa muda mrefu. Bi Ushahidi alifuta miwani, akamwomba mzee aseme neno.

Fundi Makochi akasimama. Akashika kifungo cha koti. "Binti yangu ameandika vizuri," alisema polepole. "Mengine hata mimi nilikuwa nimeshayasahau."

Watu wakacheka kwa upendo. Hapo mambo yangeweza kuisha. Lakini msichana mmoja wa viti vya nyuma, aliyevaa nguo nyeusi, akanyoosha mkono.

"Mzee, samahani. Ulipompoteza mke wako, ulipata wapi nguvu?"

Fundi akamtazama binti yake. Hakumtazama kwa hasira, na afadhali angemtazama kwa hasira. Ni mtu ambaye mteja akisahau sarafu ndani ya kochi humfuata nayo mpaka nyumbani. Alimtazama tu, anasubiri, anampa nafasi ya mwisho. Na Mwanachuo akatazama viatu vyake.

"Ndugu walinisaidia," mzee akasema. Sauti ilikuwa imepungua. "Kama huyu hapa."

Bi Ushahidi akamgeukia mama wa gauni la kijani kwa uso uliojaa huruma. "Na huyu ni nani, mzee?"

"Ni dada yangu."

Mama hakutikisika. Yeye ambaye maneno hayakuwahi kumpungukia alikaa wima, mikono juu ya mkoba. Mhadhiri akashuka jukwaani akamshika mikono yote miwili.

"Kumbe shangazi ndiye uliyemlea. Pole sana, na ahsante. Marehemu mama yake angejivunia."

"Angejivunia," mama akasema. "Tumeshapoa, Mwalimu."

Wakarudi nyumbani. Mama alitembea mbele. Walipofika alivua gauni, akalitundika, akaingia jikoni, akapika kama kawaida, akapakua, akaketi. Ndipo Mwanachuo akaanza kulia.

"Mama, nisamehe."

"Uliniua kwa ugonjwa gani?"

"Mama..."

"Nauliza tu. Nilisikia nimekufa, sikusikia kimeniua nini. Au ulisoma haraka?"

"Haikusema."

"Basi hata ugonjwa sikupewa." Akasukuma sahani. "Na foronya zangu ulimpa baba yako. Mtu huyu hajui hata kutunga uzi."

Binti akawaeleza yote, habari za Mjomba na habari za kuongeza uchungu. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akasema yeye hana kaka wa namna hiyo. Kisha Fundi akaongea, akiwa ameukodolea macho ukuta.

"Nimesema uongo mbele ya watoto wa watu. Nimemkana mke wangu naye amekaa pembeni yangu." Akamgeukia binti. "Ukiwaambia, watakufukuza?"

"Somo nitalirudia. Kamati itaniita. Labda na kufukuzwa."

"Basi nyamaza. Yameshapita."

"Yamepita kwenu nyinyi," mama akasema. "Siku ya mahafali mimi nije kama nani?"

Akatoa vyombo mezani, na kwa mara ya kwanza tangu binti aingie chuo, alimwita kwa jina lake alilompa alipozaliwa, akamwambia akalale.

Mwanachuo alinyamaza kama alivyoagizwa, na alijua wazi kwamba hanyamazi kwa ajili ya baba. Alikuwa mwoga. Chuoni watu walimpisha njia kwa upole. Wengine waliompita bila salamu sasa walimshika bega. Alama zilibandikwa, yeye juu ya wote, na alipoliona jina lake pale aligeuka akaondoka. Nyumbani mama alimsalimia, alimpakulia, alimfulia, lakini utani ulikuwa umekwisha, na karakana ikawa na mlio wa nyundo na cherehani peke yake. Kwa muda binti alijidanganya kwamba mtu huzoea.

Kisha yule msichana wa nguo nyeusi akamfuata maktaba, akavuta kiti karibu.

"Mama yangu amefariki mwaka huu," alinong'ona. "Sijamwambia mtu hapa. Siku ile uliposoma nikasema angalau yupo mmoja anayejua. Niambie ukweli, dada. Huwa inapungua?"

Mwanachuo angeweza kusema neno lolote. Angeweza hata kuinuka akaondoka.

"Inapungua," akasema. "Taratibu."

Msichana akamshukuru, akamkumbatia, na machozi yake yakalowesha bega la blauzi ambayo mama aliye hai alikuwa ameifua jana. Hapo kitu kikamkatika ndani. Lile neno hakuandikiwa na Mjomba. Lilitoka kwenye kinywa chake mwenyewe, bila kuombwa liongezwe uchungu, na lilitoka kirahisi. Alijichukia kiasi kwamba hakuweza kukaa. Akaacha mkoba mezani, akapanda ngazi mpaka ofisi ya mhadhiri, akagonga, akaingia kabla hajaitikiwa ili asipate muda wa kugeuka.

Bi Ushahidi alikuwa anakunywa chai juu ya rundo la karatasi.

"Mwalimu, mama yangu hajafa."

Mhadhiri akaweka kikombe chini. "Unasemaje?"

"Yuko hai. Ndiye yule uliyemshika mikono. Si shangazi. Insha sikuandika mimi, iliandikwa na kompyuta, mimi niliomba iongezwe uchungu, na nikauacha huo mstari ukiwa pale nikijua. Baba alidanganya kwa ajili yangu. Yeye hana kosa."

Alisema yote kwa pumzi moja. Mhadhiri alivua miwani, na wekundu ukampanda machoni. Haikujulikana ni hasira au ni aibu.

"Nilimpa pole," akasema. "Nilimpa mtu pole ya msiba wake mwenyewe, mbele ya ukumbi mzima, naye akaipokea." Akavuta pumzi. "Somo utalirudia. Kamati nitaiandikia leo, na watakalosema watasema wao, sitakutetea wala sitakukandamiza. Na yule msichana aliyeuliza swali, unamjua?"

"Ndiyo, Mwalimu. Ametoka kuniambia habari za mama yake."

"Utamwambia wewe. Sitamtuma mtu." Akavuta simu yake. "Sasa nipe namba ya mama yako. Si ya baba. Mimi nina deni la kumwomba radhi, na sitalala nalo."

Mwanachuo akaitaja namba. Mhadhiri akaibonyeza, akaweka sauti kubwa, akailaza simu juu ya karatasi katikati yao. Iliita kidogo. Kisha ikasikika cherehani, halafu cherehani ikanyamaza.

"Haloo?"

"Haloo, mama. Mimi ni mwalimu wa historia wa binti yako, wa chuo. Naongea na mama yake mzazi?"

Mwanachuo aliinamia simu amwite. Na kabla hajatamka neno, sauti ile ya karakana, iliyojua kugombana na wateja na kucheka springi, ilijibu kwa upole na kwa uangalifu, kama mtu anayebeba kitu cha mwenziwe asije akakivunja.

"Hapana, Mwalimu. Mama yake alifariki. Mimi ni shangazi yake. Kwani mtoto amefanya nini?"

Bi Ushahidi aliisukuma simu taratibu upande wa pili wa meza, mpaka ikafika mbele ya binti.